Vita ya Kusini haikuishia Mahiwa: boma la Wareno pale Ngomano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila ifikapo Novemba, makala za kumbukumbu ya Vita ya Kwanza ya Dunia katika mikoa yetu ya Kusini hufuata njia moja. Huanza na Mikindani na Lindi, hupanda hadi Nyangao na Mahiwa, husimulia mapigano makali ya Oktoba 1917, kisha hufunga kwa sentensi kwamba Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, "alikimbilia Msumbiji". Basi. Kama vile mtu huvuka Ruvuma na watu elfu tano nyuma yake, hana chakula, hana risasi, halafu anapotea tu porini.

Hakupotea. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka mto na kuliangukia boma la Wareno la Ngomano, mahali mto Lugenda unapoingia Ruvuma. Siku hiyo moja ndiyo iliyoirefusha vita kwa mwaka mzima. Na eneo lenyewe haliko mbali na sisi hata kidogo: ukifika Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, ukaliangalia Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720 lililofunguliwa Mei 2010, upande wa pili ndiko Ngomano, ambako ramani za Wareno huandika Negomano. Magari yanapita, mizigo inapita, na hakuna anayeambiwa amepita wapi.

Nianze na mto, kwa sababu bila mto habari hii haieleweki. Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, unateremka kusini, kisha unageuka mashariki hadi Bahari ya Hindi. Lugenda unatoka kusini-magharibi, kule karibu na mpaka wa Malawi, na ni mto mkubwa kiasi kwamba David Livingstone, aliyefika kwenye makutano hayo Mei 1866 baada ya kupanda na bonde la Ruvuma akitokea Mikindani, aliona kwamba Lugenda ndio mto mama na Ruvuma ndio tawi. Misafara ya Wayao ilikuwa ikipita bonde la Lugenda na pembe za ndovu na watumwa kuelekea pwani miaka mingi kabla ya Mzungu yeyote kuchora mpaka. Kwa hiyo anayekaa kwenye makutano anashika vitu viwili kwa mpigo: kivuko cha kaskazini na njia ya bondeni inayoingia ndani kabisa ya nchi.

Ila kuna jambo moja ambalo ramani haikwambii. Ruvuma si ukuta. Mvua za huku huanza Desemba na kuendelea hadi Aprili. Wakati huo mto hujaa, huwa mpana na mkali, na mtumbwi wenyewe huogopa. Kuanzia Agosti maji hupungua. Ikifika Oktoba na Novemba, sehemu nyingi huwa ni mchanga mtupu na mikondo michache katikati, na mtu huvuka kwa miguu, hofu yake ikiwa mamba na viboko kuliko kina. Mpaka unaolindwa na maji kwa miezi minne au mitano na kuachwa wazi miezi iliyobaki ni mpaka wa kuangaliwa kwa kalenda. Wareno waliweka akiba yao hapo mwezi ambao mlango uko wazi kuliko yote.

Mpaka huo uliwekwa kwa mkataba wa Desemba 1886 kati ya Ujerumani na Ureno: Ruvuma kuanzia mdomoni hadi unapokutana na mto Msinje, na kutoka hapo mstari ulionyooka kwenda Ziwa Nyasa. Upande wa kusini Ureno haikuitawala nchi yenyewe moja kwa moja. Iliikabidhi kwa kampuni, Companhia do Nyassa, iliyopewa hati mwaka 1891 na kuishikilia Cabo Delgado na Niassa hadi 1929. Kampuni hii ilikuwa na fedha kidogo na tamaa kubwa. Mabomba yake ya kunyonyea nchi yalikuwa mawili: kodi ya nyumba na nguvu kazi ya lazima. Ndiyo maana vituo vyake viliwekwa penye watu na penye njia.

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotoka. Wakisikia "ngome ya Wareno" wanawaza kuta nene za mawe kama za pwani, au angalau jengo kama Boma la Mikindani la 1895. Boma la mpakani la bara halikuwa hivyo. Kwa kawaida lilikuwa na nyumba ya ofisa, ghala, kambi ya askari, uwanja wa bendera, na uzio au tuta kuzunguka. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi, kufungia wakaidi na kuzuia watu wasihamie ng'ambo. Kwa kazi hiyo linatosha kabisa, kwa sababu mtu anayedaiwa kodi haji na mzinga. Kulifanya boma la namna hiyo lipigane vita kunahitaji vitu vingine: mahandaki yenye kona, ili risasi ya upande isifagie mstari mzima, vichaka na majani marefu yafyekwe mita mia kadhaa kila upande, ili adui aonekane mapema, bunduki za rasharasha, wazee wetu walikuwa wakiziita bombomu, zipangwe zikingane, walinzi wawekwe kwenye vivuko vyote vya juu na chini ya mto, kile cha mbele ya boma kisiwe peke yake, na akiba ya risasi isirundikwe yote mahali pamoja. Kila kimoja kati ya hivyo kina gharama yake pale kinapokosekana.

Kabla ya kufika 1917 lazima tupite Newala, maana Newala na Ngomano ni kesi mbili za mashtaka yaleyale. Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ureno tarehe 9 Machi 1916. Aprili Wareno wakaichukua Kionga, kipembe cha ardhi kusini mwa mdomo wa Ruvuma ambacho Wajerumani walikuwa wamekinyakua mwaka 1894. Septemba 1916 jeshi la Jenerali Ferreira Gil likavuka Ruvuma kuja huku kwetu, likapanda uwanda wa Makonde na kulishika boma la Newala mwezi Oktoba. Kutoka Newala unaliona bonde lote la Ruvuma. Anayepajua Shimo la Mungu, pale ukingoni ambapo uwanda unaporomoka, anaelewa ninachosema. Kwa macho ya mwanajeshi hakuna mahali bora zaidi.

Tatizo la Newala kila mwenyeji analijua: maji yako chini. Uwanda wa Makonde unanyonya mvua yote kwenye mchanga wake, na chemchemi hutokea chini ya miteremko. Novemba 1916 Wajerumani chini ya Max Looff, yule nahodha wa manowari Königsberg iliyozamishwa Rufiji, walilizunguka boma na kulikata na maji yake. Hakukuwa na haja ya kupanda ukuta. Mwishoni mwa mwezi huo Wareno waliokuwamo, wakiongozwa na Kapteni Francisco Pedro Curado, walitoka usiku na kurudi ng'ambo ya Ruvuma. Newala iliwatoa kwa kiu. Mwaka mmoja baadaye wenzao walikaa Ngomano, wakiwa na mito miwili ya maji matamu mlangoni, na mambo yakawaharibikia vibaya zaidi.

Sasa Mahiwa. Mapigano ya katikati ya Oktoba 1917 yaligharimu upande wa Waingereza zaidi ya watu 2,000 kati ya 5,000 hivi, na upande wa Wajerumani zaidi ya 500. Vitabu vinasema Wajerumani walishinda, na kwa hesabu ya vichwa ni kweli. Lakini Waingereza waliweza kuleta watu wengine. Lettow-Vorbeck hakuweza kuleta hata risasi moja. Risasi zake za kisasa, zisizotoa moshi, zilikuwa karibu kwisha. Askari wengi walibaki na bunduki za zamani za Mauser za 1871, za baruti nyeusi. Ubaya wa bunduki hiyo ni kwamba ukipiga mara moja, wingu la moshi linakaa juu ya kichwa chako na kumwonyesha adui mahali pa kulenga. Dawa ya kwinini nayo ilikuwa inahesabiwa kwa wiki.

Akarudi nyuma kwa kupita Chiwata, Nambindinga, Kitangari na Newala. Pale Nambindinga alipunguza jeshi lake kwa makusudi: mamia ya wagonjwa, majeruhi na wote wasioweza kutembea waliachwa waangukie mikononi mwa Waingereza. Aliobaki nao walikuwa Wajerumani 300 hivi, askari wa Kiafrika 1,700 hivi na wapagazi na wengineo kama 3,000. Watu 5,000 kwa jumla.

Naomba msomaji atazame namba hiyo kwa jicho la mtu wa stoo. Tuseme kila mtu anakula gramu 750 za unga au nafaka kwa siku, kiasi ambacho kwa mtu anayebeba mzigo si kingi. Watu 5,000 wanakula kilo 3,750 kila siku. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama ratili 60, yaani kilo 27. Kwa hiyo kila jua linapotua, mizigo 139 imekwisha kuliwa. Katika siku 10, mizigo 1,390. Jeshi kama hilo haliwezi kukaa mahali pamoja hata likitaka, na haliwezi kubeba chakula chake. Ni lazima litembee kuelekea kwenye ghala la mtu mwingine: la mwanakijiji au la adui.

Berlin nao walijua. Tarehe 21 Novemba 1917, ndege-puto kubwa L 59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa na shehena ya tani 15 za risasi, silaha na dawa, ikielekea uwanda wa Makonde. Ilikuwa safari ya kwenda tu. Hata ngozi ya chombo chenyewe ilikusudiwa kukatwa mahema. Tarehe 23, ikiwa juu ya Sudan, iliitwa kwa simu ya upepo irudi nyumbani. Ilikaa angani saa 95 na kusafiri kilomita 6,757 bila kushusha hata sanduku moja. Siku mbili baadaye Lettow-Vorbeck alipata shehena yake kwa njia nyingine, na aliyempelekea alikuwa Mreno.

Upande wa Wareno aliyekuwa Ngomano ni Meja João Teixeira Pinto, mzaliwa wa Angola, aliyejipatia jina Guinea ya Kireno, Guinea-Bissau ya leo, kati ya 1912 na 1915 kwa kuwatiisha watu wa kule kwa moto na upanga. Hakuwa mgeni wa vita. Ila alikuwa amezoea vita ambamo yeye ndiye anayeshambulia, akiwa na silaha bora kuliko za anayeshambuliwa. Alikuwa na siku chache tu pale Ngomano, na askari wa Kiafrika wapatao 900, bunduki sita za rasharasha, na akiba iliyokuwa imeletwa karibuni. Waingereza walipeleka taarifa kwamba Wajerumani wanakuja. Muda uliokuwapo ulikuwa umetumika zaidi kupanga kambi kuliko kuimarisha ulinzi, na mahandaki yalichimbwa kwa haraka ya mwisho.

Asubuhi ya tarehe 25 Lettow-Vorbeck alifanya kitu ambacho kwa mtu anayeujua mto Novemba si muujiza hata kidogo. Aliacha kikosi kidogo upande wa kaskazini wa Ruvuma kirushe mizinga na kuonekana. Macho ya boma yote yakaelekea kaskazini. Wakati huohuo sehemu kubwa ya jeshi ilipanda juu na mto hadi mahali isipoonekana, ikavuka kwa miguu, ikazunguka porini na kutokea nyuma. Mahandaki yalikuwa yameelekezwa mtoni. Mashambulizi yakatoka pande ambazo hayakutazama. Pembe ya mito miwili, ambayo kwenye karatasi inaonekana kama kinga ya pande mbili, kwa aliyezungukwa iligeuka mtego, kwa sababu pa kurudi nyuma ni majini.

Teixeira Pinto aliuawa, maofisa wengine kadhaa pia. Waliobaki wakasalimu amri siku hiyohiyo. Wareno walipoteza zaidi ya watu 200 waliokufa na kujeruhiwa, na mamia wakawa mateka.

Ghala ndilo lililobadilisha mambo. Zilipatikana bunduki mia kadhaa, zile sita za rasharasha, na risasi kama 250,000. Gawanya kwa askari 1,700: kila mmoja anapata karibu risasi 147. Pima uzito: kama kila risasi na sehemu yake ya boksi ni gramu 25, hizo ni zaidi ya tani 6, mizigo 230 ya kichwa. Wapagazi waliokamatwa walitwishwa mizigo ya mabwana wapya, na bunduki nyingi za moshi za 1871 zikaachwa palepale. Jeshi lililofika mtoni likiwa karibu kufa liliondoka na silaha bora kuliko lilizokuwa nazo Mahiwa. Chakula ndicho hakikutosha kuwaweka pale, ndiyo maana hawakukaa. Walipanda na bonde la Lugenda wakitafuta mashamba na maboma mengine.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kwa nini Wareno waliweka risasi zote hizo ukingoni mwa mto. Jibu liko kwenye njia ya ugavi, si kwenye ujinga wa mtu mmoja. Bandari yao ya kuteremshia mizigo ilikuwa Mocímboa da Praia, kilomita 200 hivi kutoka Ngomano ukipima kwa mstari ulionyooka. Mbung'o huua ng'ombe, punda na farasi. Pale ambako lori halikufika palibaki kichwa cha mtu. Mpagazi akienda kilomita 20 kwa siku, safari ni siku 10 kwenda na 10 kurudi. Akila gramu 750 kwa siku kutoka kwenye mzigo wake mwenyewe, kati ya kilo 27 anabakiza 12. Kuwalisha askari 900 siku moja kwa njia hiyo kunataka mizigo kama 56. Mwezi mmoja, mizigo karibu 1,700. Kamanda aliyepata shehena yake kwa taabu hiyo hataki kuiacha nyuma. Anakaa nayo. Na boma likishakuwa na akiba kubwa kuliko uwezo wake wa kuilinda, linaacha kumlinda mtu na linaanza kumwita adui. Bora Teixeira Pinto angeiweka akiba siku mbili nyuma, akabaki mtoni na doria na risasi za kumtosha tu. Hata kuichoma moto kungeokoa maisha mengi, ya Wareno na ya wanakijiji waliokuja kuporwa mtama na muhogo mwaka mzima uliofuata. Nasema hivyo nikijua ni rahisi kupanga vita ya mtu aliyekwisha kufa.

Niwape waandishi wako makosa machache ya kuepuka, maana yanajirudia. Newala ya Novemba 1916 na Ngomano ya Novemba 1917 ni matukio mawili. Watu huyachanganya kwa sababu ya mwezi. Aliyepigana Newala ni Curado, na huyu hakuwa Ngomano. Alikamatwa baadaye kwenye mlima Mecula, baada ya kushikilia siku kadhaa mwanzoni mwa Desemba 1917, na Wareno hadi leo wanamheshimu kwa hilo. Kapteni Theodor Tafel wa Wajerumani, aliyekuwa akitoka Mahenge kuja kuungana na mkuu wake Lettow-Vorbeck, hakushindwa vitani: aliishiwa chakula karibu na Ruvuma na kujisalimisha tarehe 28 Novemba 1917, siku tatu tu baada ya Ngomano kuanguka. Laiti wawili hao wangeonana, ile hesabu ya unga ingekuwa mbaya zaidi kwao wote. Na kosa la mwisho: Lettow-Vorbeck "hakujificha" Msumbiji. Alifika hadi Nhamacurra, karibu na Quelimane, Julai 1918, akavuka tena Ruvuma kurudi huku Septemba 28, akapita upande wa Songea, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na kuweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Mwaka mmoja kamili, siku kwa siku, tangu Ngomano. Bila lile ghala sioni angefikaje hata Krismasi ya 1917.

Kuna jambo moja linaloniudhi katika simulizi nyingi, na nitalisema. Husomwa kama mchezo wa bao kati ya maofisa wawili wa Kizungu. Askari 1,700 na wale 900 walikuwa Waafrika, wengine wakiwa watu wa kingo mbili za mto uleule, Wamakonde, Wamakua, Wayao, wakipigana chini ya bendera mbili zilizofika jana. Wapagazi ndio wengi kuliko wote na ndio waliokufa zaidi, kwa njaa, kuhara na homa. Kwa upande wa Waingereza pekee waliokufa hufikia karibu 100,000. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam imewataja kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Huku Kusini, ambako ndiko walikobeba, hawana hata ubao.

Kwa hiyo ombi letu, sisi wachache tunaofuatilia historia hii, ni dogo. Liwekwe jiwe la kumbukumbu Mtambaswala, upande wetu wa daraja. Upande wetu, kwa sababu mbili. Cabo Delgado imekuwa na mashambulizi ya wenye silaha tangu Oktoba 2017, na si busara kumhimiza mwanafunzi au mtalii avuke kwenda kutafuta mabaki porini. Pia kutoka ukingo wa kaskazini ndipo unapoona alichokiona mshambuliaji: upana wa mto, mafungu ya mchanga, na jinsi kichaka cha ng'ambo kinavyoficha watu.

Lisiwe la chuma. Bango la chuma litaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu kabla ya msimu wa korosho kwisha. Litengenezwe kwa zege, maandishi yachongwe au yabonyezwe ndani zege likiwa bichi, herufi zisipungue sentimita tatu ili mtu aliye kwenye basi lililosimama kukaguliwa aweze kusoma. Lisikae ukingoni, mto huu unakula kingo zake kila masika. Likae karibu na kituo cha forodha, juu kabisa ya alama ya mafuriko. Lugha ya kwanza iwe Kiswahili, ya pili Kireno kwa ajili ya ndugu zetu wanaovuka kuja.

Njia ya kuwapitisha wageni ipo tayari, na yote ina lami au barabara ya kueleweka: Mtwara, Mikindani kwa lile boma la 1895, Newala kwa boma na Shimo la Mungu, Masasi, Mangaka, kisha kilomita 65 hivi hadi Mtambaswala. Waongozaji waanzie Newala, waeleze kiu, halafu ndipo washuke mtoni. Ukianzia Ngomano, mgeni haelewi kwa nini Wareno waliokuwa wamekwisha kufukuzwa mara moja walirudi kukaa karibu hivyo. Safari ipangwe Septemba hadi Novemba. Ukimpeleka mtu Machi utamwonyesha bahari ya maji ya kahawia, naye atakuuliza jeshi zima lilivukaje, na hutakuwa na jibu la kumwonyesha.

Maneno ya jiwe tunapendekeza yawe haya: "Ng'ambo ya mto huu, penye makutano ya Ruvuma na Lugenda, palikuwa na boma la Wareno la Ngomano. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Wajerumani lilivuka kwa miguu, likaliteka na kuchukua risasi 250,000 hivi. Askari na wapagazi wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, wengine wenyeji wa kingo hizi." Jina la jenerali tumeliacha nje kwa makusudi, linapatikana kila mahali.

Kama halmashauri au mtu binafsi ataguswa, kazi ya zege ifanyike kati ya Juni na Oktoba. Limwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba na kufunikwa magunia, maana jua la Nanyumbu hupasua zege changa, na maandishi yakipasuka hayatengenezeki.

Wako,
Msomaji, kwa niaba ya wapenzi wa historia ya Kusini
Masasi, Mtwara